Je, Wajua? Ngoma ya Karibu na Onyesho la Uwanjani

Msanii mkubwa wa Kinshasa akitangaza onyesho la Paris au la Stade des Martyrs, vijana wa Kindu, Kalima na Pangi hulizungumzia wiki nzima. Atakayebaki kwenye terasi ya mtaani, penye bafle mbili, jenereta moja na orkestra ya watu watano, huhesabiwa kuwa amekosa uhondo. Mimi sikubaliani na hesabu hiyo. Yafuatayo ni mambo ya kweli niliyoyakusanya, mengine ya hapa hapa Maniema na mengine ya ng'ambo, na kila nikiyapanga yananirudisha pale pale: onyesho hukolea kwa ukaribu wa mpigaji na msikilizaji. Bei ya tiketi na urefu wa jukwaa hufuata nyuma, tena kwa mbali.

Kinyago cha ukubwa wa kiganja

Je, wajua kwamba lukwakongo, kinyago mashuhuri cha Warega wa Pangi na majirani zao, mara nyingi hakitoshi kufunika uso wa mtu mzima? Ni kipande cha mti cha ukubwa wa kiganja hivi, kimepakwa udongo mweupe usoni, na kidevuni kinaning'inia ndevu ndefu za nyuzi. Mgeni anayekikuta nyuma ya kioo cha makumbusho ya Ulaya au Marekani hujiuliza kilivaliwaje. Jibu ni kwamba kilifanyiwa mengi kuliko kuvaliwa. Katika sherehe za Bwami mwenye nacho alikifunga kwenye mkono au kwenye paji la uso, akakitundika uzioni pamoja na vya wenzake, akakilaza chini, akakikamata kwa ndevu na kukiburuta. Kila tendo lilikuwa na wimbo wake na methali yake, na maana ilipatikana pale kitu, mwili, neno na ngoma vilipokutana.

Bwami haikuwa tamasha la kujifurahisha tu. Ilikuwa chama cha heshima na shule ya maadili, na mtu alipanda ngazi kwa ngazi hadi kufikia kindi, ambayo ndiyo ya juu kabisa. Wanawake nao walikuwa na ngazi zao, na mume hakuweza kupanda peke yake bila mkewe. Lakini kila ngazi ilipitiwa kwa ngoma na nyimbo, na yeyote anayependa muziki ana la kujifunza hapo. Daniel Biebuyck, Mbelgiji aliyefanya utafiti kwa Warega mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake *Lega Culture* mwaka 1973, alionyesha jinsi vitu vidogo sana vilivyobeba mafundisho mazito: sanamu za pembe za ndovu, magamba ya kakakuona, midomo ya hondohondo, makombe. Sanamu nyingi hazifiki sentimita 20.

Sasa pima mwenyewe. Sanamu ya sentimita 15 inayong'aa kwa mafuta yaliyopakwa miaka na miaka haionekani na mtu aliyekaa safu ya hamsini. Mafundi wa Pangi walijua kuchonga vitu vikubwa, na misitu yao haikupungukiwa na miti. Walichonga vidogo kwa sababu sherehe yenyewe ilimtaka mtazamaji awe karibu kiasi cha kuona mkono ukigeuka. Utawala wa Kibelgiji uliipiga marufuku Bwami mwaka 1948. Leo watu hulipa kiingilio mjini Brussels na New York ili waangalie vitu hivyo vikiwa kimya, vimeondolewa kwenye wimbo uliovipa maana. Kuna hasara hapo, na inaniuma.

Siku 12 za Rureke

Kaskazini ya nchi ya Warega, upande wa Walikale, wanakaa Wanyanga. Mwaka 1956 mzee wa kwao aitwaye Shé-Karisi Rureke alisimulia na kuimba utendi wa shujaa Mwindo kwa siku 12. Alitikisa kayamba ya kibuyu, akaigiza kila tukio kwa mwili wake, vijana wakampigia mdundo pembeni, na watu waliomzunguka wakamwitikia. Biebuyck na Kahombo Mateene waliandika aliyoyasema, na kitabu kikatoka mwaka 1969. Kinasomwa katika vyuo vikuu duniani mpaka leo. Warega nao wana utendi wao, wa shujaa Mubila.

Hapakuwa na tiketi. Msimulizi alipata zawadi kutoka kwa waliomsikiliza, kila mtu kwa uwezo wake. Mimi sijui onyesho la uwanjani lililowahi kumshika msikilizaji kwa siku 12.

Hesabu ya mita mia

Je, wajua kwamba kwenye uwanja wa mpira mtu wa nyuma huona muziki kabla ya kuusikia? Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Jukwaa likiwa golini upande mmoja na wewe ukiwa umesimama golini upande wa pili, umbali ni zaidi ya mita 100, kwa hiyo pigo la dramu linakufikia baada ya karibu sehemu tatu za kumi za sekunde. Katika sebene, sehemu ya wimbo ya kuchezea, inayokwenda mapigo 120 kwa dakika, pigo moja na jingine vimeachana nusu sekunde tu. Maana yake fimbo ya mpiga dramu imekwisha kuinuka tena wakati wewe ndiyo kwanza unasikia ilipotua.

Mafundi wa maonyesho makubwa hulijua tatizo hili vizuri. Huweka minara ya bafle katikati ya uwanja na kuichelewesha kwa makusudi, ili sauti yake ilingane na ile inayotoka jukwaani. Wanatundika pia skrini kubwa, maana msanii aliye mita mia kutoka kwako ni mdogo kuliko kidole chako ukinyoosha mkono. Mwisho wa yote mtu amelipa kiingilio akatazama televisheni iliyo nje. Na sauti isiyosaidiwa na mitambo hupungua desibeli 6 kila umbali unapozidi mara mbili mahali pa wazi. Ndiyo sababu gitaa kavu linalotosha kabisa ukumbi wa watu 40 hupotea mbele ya watu 4,000.

Mtoto wa Kindu aliyekipa kituo cha Sinza jina

Je, wajua kwamba "Sinza kwa Remmy", kituo ambacho makondakta wa daladala wa Dar es Salaam hukitangaza kutwa, kinabeba jina la mtu aliyezaliwa Kindu? Ramadhani Mtoro Ongala, yaani Remmy, alizaliwa hapo mwaka 1947. Husimuliwa kwamba alizaliwa na meno mawili tayari, na mganga akamwonya mama yake asimnyoe nywele. Zile rasta zikawa alama yake kwa miaka mingi, hadi alipoingia katika nyimbo za injili mwishoni mwa maisha yake. Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010.

Remmy aliingia Dar mwaka 1978 akajiunga na Orchestra Makassy, kisha akahamia bendi ya Matimila, iliyopewa jina la kijiji cha mfanyabiashara aliyemiliki vyombo. Huo ndio uliokuwa mtindo wa Tanzania wakati ule: mwanamuziki alikuwa na kipaji, na magitaa, dramu na bafle vilikuwa vya mwingine, awe mtu binafsi, shirika la umma au jeshi. Bendi zilipiga usiku kwa usiku katika baa na kumbi za mitaani, na riziki ya kila mmoja ilitegemea mlango wa usiku huo. Bendi iliyochosha wateja Ijumaa ilijua Jumamosi kwamba imekosea.

Nadhani hapo ndipo ulipopatikana uhodari wake. Remmy aliimba juu ya maskini, juu ya kifo, juu ya mume asiyerudi nyumbani, na baadaye katika "Mambo kwa Soksi" akahimiza kondomu wakati ambapo wengi waliona haya kulitaja jambo hilo mbele ya watu. Aliimba kwa Kiswahili cha kila siku, kwa watu waliokaa hatua chache kutoka kwenye maikrofoni, na waliokuwa na haki ya kumjibu. Mwimbaji wa namna hiyo anaona uso ukibadilika mstari ulipogusa, anaurudia mstari, anaongeza maneno.

Mwaka 1988 alialikwa Ulaya na tamasha la WOMAD. Lebo ya Real World ya Peter Gabriel ikamtolea *Songs for the Poor Man* mwaka 1989 na *Mambo* mwaka 1992. Maelfu walimshangilia kwenye viwanja vya Uingereza, nami nafurahi kwamba walimsikia. Lakini wengi wao hawakuelewa alichosema. Waliopata Remmy mzima, sauti pamoja na maneno, ni wale waliolipa kiingilio kidogo katika baa ya Dar na kuketi meza ya pili kutoka mbele.

Bendi iliyochukua jina la baa

Je, wajua kwamba OK Jazz ilizaliwa baa na kubatizwa kwa jina la baa? Ilianza tarehe 6 Juni 1956 katika OK Bar mjini Léopoldville, Kinshasa ya leo, na Franco Luambo alikuwa bado hajatimiza miaka 18. "Indépendance Cha Cha" nao, wimbo wa Grand Kallé na African Jazz uliovuma Afrika nzima, ulisikika kwa mara ya kwanza Januari 1960 katika Hoteli Plaza mjini Brussels, kwenye dansi ya wajumbe wa mkutano wa uhuru.

Muziki wetu umejengwa kwa ajili ya sakafu ya kuchezea. Sikiliza rumba yoyote nzuri. Inaanza polepole, waimbaji wanaeleza habari yao, halafu gitaa la solo linakatiza na sebene inaanza. Katika santuri za zamani za dakika tatu sebene ilibanwa, maana nafasi iliisha. Katika baa hakuna wa kuikata. Mpiga solo anashika mzunguko mmoja wa noti chache na kuurudia, macho yake yako kwenye miguu ya wachezaji, na akiona mduara umechangamka anabadilisha noti moja au mbili tu ili moto usipoe. Besi inamfuata, dramu inamfuata. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, Zaiko Langa Langa walipoingiza atalaku, kuna mtu kamili ambaye kazi yake ni kuwasha watu: anapiga mayowe ya mtindo, anataja majina, anaita mwendo mpya wa kiuno. Atalaku mzuri anawajua watu wa meza ile kwa majina. Uwanjani anapaza sauti gizani, hajui amemgusa nani.

Nyota wa dunia, viti vitupu

Tamasha la Zaire 74 linatajwa kama kilele cha maonyesho makubwa ya Afrika, na kwa majina ni kweli. Kuanzia tarehe 22 hadi 24 Septemba 1974 walipanda jukwaa moja la Stade du 20 Mai, Kinshasa, James Brown, B. B. King, Miriam Makeba, Celia Cruz, Franco na Tabu Ley. Lilipangwa litangulie pambano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa hadi tarehe 30 Oktoba, wageni waliotegemewa kutoka nje hawakufika, na tiketi ilikuwa nzito kwa mfuko wa mkazi wa Kinshasa. Siku za mwanzo sehemu kubwa ya uwanja ilibaki wazi. Orodha ya wasanii iliyoshinda zote, na nafasi za kukaa bado zipo.

Huyo James Brown, miaka 12 kabla ya hapo, alirekodi onyesho lake katika ukumbi wa Apollo, Harlem, wenye viti kama 1,500. Ilikuwa tarehe 24 Oktoba 1962, na aligharimia mwenyewe kwa sababu kampuni yake haikuamini kwamba albamu iliyorekodiwa ukumbini ingeuza. Albamu ikapanda hadi nafasi ya pili Marekani. Unasikia ndani yake mwanamke mmoja akipiga kelele na Brown akimgeukia kwa sauti. Ni jambo linalowezekana pale mtu mmoja anaposikika.

Beatles walipitia njia hiyo kinyumenyume. Walipiga karibu mara 300 katika Cavern, pango la chini ya ardhi mjini Liverpool. Tarehe 15 Agosti 1965 wakapiga Shea Stadium, New York, mbele ya watu zaidi ya 55,000, na mayowe yalikuwa makubwa hata wao wenyewe hawakuweza kusikia walichokuwa wakipiga. Mwaka mmoja baadaye wakaacha kabisa ziara za maonyesho.

Ukumbi wa viti 106

Je, wajua kwamba ukumbi mmoja unaotumika kuchunguza kwa nini watu hufurahia muziki una viti 106 tu? Ni LIVELab ya Chuo Kikuu cha McMaster, mjini Hamilton, Kanada. Katika onyesho moja la muziki wa elektroniki, watafiti waliwavika wachezaji mikanda ya kichwani yenye vipima mwendo. Wakati wa onyesho walikuwa wakiwasha na kuzima bafle za besi ya chini mno, ile ambayo sikio halitambui, kila baada ya dakika chache. Hakuna aliyegundua. Hata hivyo bafle zilipowaka miili ilicheza kwa asilimia 11.8 zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022.

Katika jaribio jingine la humo humo, waliosikiliza nyimbo zikipigwa na mwanamuziki aliyesimama mbele yao walitikisa vichwa kwa nguvu zaidi kuliko waliosikiliza nyimbo hizo hizo kutoka kwenye albamu. Kuwepo kwa mtu kunaongeza kitu ambacho bafle peke yake haileti.

Mwenye terasi wa Kindu au Kalima aiangalie habari ya besi kwa makini. Fedha ikitosha kifaa kimoja tu mwaka huu, anunue bafle nzuri ya besi kabla ya taa za rangi. Lakini asipandishe sauti yote bila mpango. Shirika la Afya Duniani liliweka mwaka 2022 kiwango cha juu cha desibeli 100 kwa wastani wa dakika 15 katika kumbi za burudani, na chumba kidogo chenye bafle kubwa kinakipita kiwango hicho kwa urahisi. Masikio yakivuma hadi asubuhi, yameumizwa. Udogo wa mahali haumpi mtu kinga hapo.

Kwaya ndogo na kwaya ya watu 232

Hapa inanibidi niwape haki yao wapenzi wa viwanja. Kwaya moja ya London ina matawi mengi madogo, ya watu kati ya 20 na 80, na mara chache yote hukusanyika pamoja. Watafiti waliwapima waimbaji katika matawi yao, kisha wakawapima walipokuwa 232, na matokeo yakatoka mwaka 2016. Uwezo wa kuvumilia maumivu, kipimo kinachotumika kukisia kemikali za raha mwilini, uliongezeka karibu sawa katika hali zote mbili. Waliokuwa katika vikundi vidogo walijiona karibu zaidi na wenzao kabla na baada ya kuimba. Lakini hisia ya kuwa kitu kimoja ilipanda kwa hatua kubwa zaidi pale walipoimba na watu wengi wasiowajua.

Kwa hiyo umati una zawadi yake. Anayesimama na maelfu wakaitikia kiitikio kimoja anapata kitu kisichopatikana kwenye terasi. Tabu Ley alipopanda jukwaa la Olympia, Paris, mwaka 1970, Koffi Olomide alipoujaza ukumbi wa Bercy mwaka 2000, na Fally Ipupa alipopiga Paris La Défense Arena Novemba 2023, Wakongo wa kila pembe ya dunia walijiona wameheshimiwa. Hiyo ni furaha ya kweli. Tuiite kwa jina lake, fahari ya kuwa wengi, wala tusiichanganye na kusikiliza muziki.

Umati una hatari yake pia. Tarehe 29 Oktoba 2022 Fally Ipupa alipiga Stade des Martyrs, uwanja wa watu 80,000, na ukafurika kupita kiasi. Watu 11 walikufa katika msongamano, polisi wawili wakiwa miongoni mwao. Walikwenda kusikiliza muziki. Idadi ya milango na njia za kutokea ni jambo la kuulizwa kabla ya jina la msanii, na wenye kumbi ndogo zenye mlango mmoja nao waulizwe.

Likembe, sumaku ya gari na gitaa moja

Likembe, ambayo wengine huiita kisanji, ina sauti laini ya kusikika mezani. Mawangu Mingiedi, mwanzilishi wa Konono N°1 ya Kinshasa, aliona kelele za mji zinaimeza, akatumia sumaku za magari makuukuu kutengeneza vipaza sauti vyake mwenyewe. Ule mkwaruzo uliotokana na vifaa hivyo ukawa ladha ambayo dunia iliishangaa walipotoa *Congotronics* katikati ya miaka ya 2000. Walikuwa wamezoea kupiga barabarani na kwenye shughuli za familia.

Jean-Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya, hakuhitaji hata sumaku. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimkuta na gitaa lake mjini Jadotville, yaani Likasi, akamrekodi. "Masanga" ukaenea Afrika na kuwafundisha wapiga gitaa ambao hawakuwahi kumwona, naye mwenyewe akafika tamasha la Newport, Marekani, mwaka 1969. Muziki huo wote ulikuwa mtu mmoja, nyuzi sita na Kiswahili cha Katanga.

Nani analipa, na analipa kiasi gani?

Ziara ya Taylor Swift iliyoisha Desemba 2024 ilikuwa na maonyesho 149, watu zaidi ya milioni 10 na mapato ya tiketi yaliyopita dola bilioni 2. Ukigawanya, kila mtu alilipa wastani wa dola 204 hivi. Tamasha la Amani lililoanza Goma mwaka 2014 lilitoza dola moja kwa siku na kukusanya makumi ya maelfu kwenye uwanja wa Collège Mwanga, katika mji uliokuwa umetoka vitani. Amani inaonyesha kwamba bei nafuu si lazima iwe ya mahali padogo tu, mradi wapo wanaogharimia kilichobaki.

Terasi haina wafadhili. Mara nyingi haina hata tiketi. Kiingilio ni chupa unayonunua, na fedha ya chupa ni ya mwenye baa. Ndiyo maana desturi ya kutuza ni uti wa mgongo wa ngoma ndogo, kuanzia taarabu ya Zanzibar, ambako mtu hunyanyuka akacheza hadi mbele na kumkabidhi mwimbaji noti, hadi kwetu, ambako mwenye nacho hutajwa jina ndani ya wimbo, yaani mabanga. Ufaransa imeweka sheria ya kuzisaidia kumbi: asilimia 3.5 ya kila tiketi ya onyesho la muziki wa aina hii hukatwa na kurudi kusaidia maonyesho na kumbi zenye shida, hata tiketi za Wakongo wanaojaza Bercy. Sisi hatuna sheria ya namna hiyo, na barabara ya kutoka Kindu kwenda Kalima na Pangi humlia mwanamuziki mafuta na vyombo kabla hajapiga noti ya kwanza.

Ukienda kwenye terasi Jumamosi hii, usikae kona ya mwisho na simu mkononi. Sogea mbele, lipa kiingilio hata kama unamjua mwenye mlango, na kabla hujaondoka mpe mpiga solo chake mkononi mwake.